Maji ya kisima Dzaleka na Lilongwe: namna ya kuyapima na kuyatibu nyumbani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kambi ya Nyamithuthu wilayani Nsanje, kusini mwa Malawi, watafiti waliokuwa miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji walipima maji ya visima kwenye pampu, kisha wakayapima tena majumbani. Kwenye pampu maji yalikuwa na vijidudu vichache mno, na mara nyingine havikuwapo kabisa. Muda mfupi baada ya kutekwa, maji yaleyale yalikuwa yamechafuka kwa bakteria wa kinyesi. Sababu kubwa haikuwa kisima. Ilikuwa mikono ya watu, iliyogusa maji ndani ya ndoo.

Baadhi ya kaya zilipewa ndoo yenye mfuniko usiopitisha mkono na mdomo mwembamba wa kumiminia. Katika kaya hizo kiwango cha bakteria wa kinyesi kilipungua kwa asilimia 69, na watoto wa chini ya miaka mitano waliugua kuhara pungufu kwa takriban asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, WHO. Jambo lililoonekana pale Nyamithuthu lingali linamhusu kila anayeteka maji Dzaleka leo.

Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita zaidi ya 40 kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Rwanda, na idadi iliongezeka tena mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Viwango vya kimataifa vya huduma za dharura vinataka pampu moja ya mkono isihudumie watu zaidi ya 500, na mtu asisubiri foleni zaidi ya dakika 30. Msomaji anayeishi huko ataulinganisha mwenyewe ukweli na vipimo hivyo.

Uzito wa jambo hili ulionekana nchini kote kuanzia Machi 2022. Kipindupindu kilichozuka baada ya tufani Ana kiligeuka kuwa mlipuko mbaya kuliko wowote katika historia ya Malawi: karibu wagonjwa 59,000 na vifo zaidi ya 1,760. Mapema mwaka 2023 Lilongwe na Blantyre ndizo zilizoumia zaidi, hata shule za miji hiyo zikachelewa kufunguliwa mwezi Januari.

Safi si lazima iwe salama

Katika Kiswahili cha ofisini tumezoea kusema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kana kwamba maneno hayo mawili ni jina na ukoo. Sisi tunaotafsiri taarifa za afya tumechangia mazoea hayo. Kumbe ni mambo mawili. Usafi huonekana kwa macho: maji hayana tope, rangi wala harufu. Usalama hauonekani. Maji ya kisima yanayong'aa yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, na maji yenye rangi ya kutu iliyotoka kwenye mabomba ya chuma yanaweza yasimdhuru mtu, ijapokuwa yataharibu nguo nyeupe na kuwaudhi wapishi.

Hatari zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni vijidudu, ambavyo hutoka katika kinyesi cha watu na wanyama na huua kwa siku chache. Ya pili ni kemikali, ambazo hudhuru polepole kwa miaka. Tofauti hii ndiyo huamua kila kitu kinachofuata, kwa maana dawa ya hatari ya kwanza haina nguvu yoyote juu ya ile ya pili.

Anza kwa kukikagua kisima

Kabla ya maabara, kuna kipimo kisichohitaji fedha. Nenda kwenye mjigo, kama wenyeji wanavyokiita kisima kirefu chenye pampu, ukatazame. Je, kuna choo cha shimo ndani ya mita 30, hasa upande wa juu wa mteremko? Je, sakafu ya zege inayozunguka pampu ina nyufa? Je, maji yanayomwagika huondoka kwa mfereji, au hutuama na kurudi chini kandokando ya bomba? Je, mifugo hufika hapo? Je, shina la pampu linatikisika? Kila jibu baya ni mlango wa uchafu, na majibu mabaya manne au matano yanatosha kuyatilia shaka maji hata kama hayajapimwa.

Pampu nyingi mtakazozikuta ni za aina ya Afridev, ambayo ilibuniwa na kujaribiwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980 kwa kusudi kwamba wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Kwa hiyo ufa wa sakafu au mpira uliochakaa ni kazi ambayo kamati ya maji inaweza kuimaliza, si jambo la kusubiri mfadhili.

Visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono, ambavyo katika vitongoji vya Lilongwe kama Mtandire na Chinsapo hukimbiliwa vibanda vya maji ya bomba vinapokauka, vina hatari kubwa zaidi. Mahali nyumba zilipobanana, shimo la choo na shimo la kisima hukaribiana chini ya ardhi kuliko wenye nyumba wanavyodhani. Kisima kilicho wazi, kinachotekwa kwa kamba na ndoo ya kila mtu, kihesabiwe kuwa kimechafuka mpaka ithibitike vinginevyo.

Namna ya kupima

Kipimo kikuu cha vijidudu hutafuta bakteria aitwaye E. coli, kwa kuwa kuwapo kwake ni ushahidi wa kinyesi. WHO inataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kiwango cha Malawi cha maji ya visima yasiyotibiwa, kinachojulikana kwa namba MS 733 cha mwaka 2005, ni kilegevu zaidi, kwani kinavumilia hadi bakteria 50 wa kinyesi katika ujazo huohuo. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba kisima "kimepita", aulize kimepita kiwango kipi, na aombe kuiona namba yenyewe.

Vipo vipimo vya shambani visivyohitaji maabara. Kimojawapo ni chupa ndogo yenye dawa ndani: hujazwa maji, hufungwa, huachwa mahali penye joto la kawaida kwa siku moja au mbili, na maji yakigeuka meusi ni dalili ya uchafu wa kinyesi. Kingine ni mfuko wenye vyumba kadhaa ambao rangi yake hubadilika kuwa ya kijani-buluu E. coli akiwamo, na idadi ya vyumba vilivyobadilika hukadiria wingi wake. Vifaa hivi huwa mikononi mwa mashirika ya maji na maofisa wa afya, na kamati ya maji ina haki ya kuomba vitumike mbele ya macho yake.

Kwa uhakika zaidi sampuli hupelekwa maabara. Maabara Kuu ya Maji ya wizara inayohusika na maji iko Lilongwe. Wengi huharibu kazi hapa kwa namna wanavyochukua sampuli. Chupa iwe imeuliwa vijidudu na itoke maabara yenyewe. Pampu ipigwe kwa dakika kadhaa kwanza, mdomo wake ukipanguswa kwa spiriti. Kidole kisiguse ndani ya chupa wala kifuniko. Chupa iwekwe kwenye kasha lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6, au saa 24 ikishindikana kabisa. Anayetoka Dzaleka na sampuli ndani ya basi dogo, ameipakata juani tangu alfajiri hadi mchana, atapata majibu yasiyo na maana, na atakuwa ameyalipia.

Sampuli nzuri ni mbili: moja ya pampu na moja ya ndoo ya kunywea nyumbani. Ya pampu ikiwa safi na ya ndoo ikiwa chafu, tatizo liko nyumbani au njiani, na hakuna haja ya kumlaumu fundi. Wakati unaofaa zaidi ni baada ya mvua kubwa za kwanza, mwezi Novemba au Desemba, uchafu wa juu ya ardhi unapoteremkia visimani.

Kemikali zisizosikia moto

Katika eneo la Nathenje, wilayani Lilongwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta visima vyenye floraidi ya hadi miligramu 7 kwa lita. WHO inapendekeza isizidi 1.5, kiwango cha MS 733 kinaruhusu hadi 6. Floraidi iliyozidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikizidi mno kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Ndivyo ilivyo pia kwa nitrati inayotoka vyooni na kwenye mbolea. Ikivuka miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Kisima chenye kasoro za namna hii hakitibiki kwa ndoo. Hutafutwa chanzo kingine kwa ajili ya kunywa na kupikia, nacho huachiwa kazi ya kufulia.

Kutibu maji ya kunywa

Maji yenye tope yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwani tope hula nguvu ya dawa. (Mbegu za mlonge zilizotwangwa, mti ambao wenyeji huuita chamwamba, husaidia tope kushuka, zilijaribiwa hata katika mtambo wa maji wa Thyolo. Haziui vijidudu vya kutosha, hivyo dawa bado inahitajika.)

Klorini ndiyo njia nafuu na ndiyo pekee inayoendelea kuyalinda maji yakiwa ndani ya ndoo. Dawa ya maji ya maji yenye nguvu ya asilimia 1, ya aina inayogawiwa na wahudumu wa afya wa jamii, ina miligramu 10 za klorini katika kila mililita. Mililita 4, yaani kijiko cha chai kisichojaa, katika ndoo ya lita 20 za maji maangavu huleta miligramu 2 kwa lita. Kwa maji yaliyofifia, kiasi hicho huongezwa mara mbili. Bomba la sindano lisilo na sindano hupima vizuri kuliko jicho. Dawa ya dukani na vidonge vifuate maelezo ya pakiti, maana nguvu hutofautiana. Kidonge cha miligramu 67, kwa mfano, ni cha lita 20. Dawa ya kung'arishia nguo yenye manukato au sabuni isitiwe kamwe katika maji ya kunywa.

Koroga, funika, subiri dakika 30. Kisha nusa: harufu hafifu ya klorini ni ishara kwamba dawa imebaki ya kutosha. Isiposikika, rudia kipimo na usubiri dakika 15 nyingine. Wahudumu wenye kidonge cha kupimia huona maji yakigeuka rangi ya waridi, na hutafuta klorini iliyobaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Wapo wanaoikataa dawa kwa sababu ya ladha, na wapo wanaohofu kwamba inadhuru mwili. Ladha ni lalamiko la haki. Hupungua maji yakimiminwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine muda mfupi kabla ya kunywa. Ama hofu, kipimo cha miligramu 2 kiko chini sana ya kikomo cha WHO cha miligramu 5 kwa lita.

Kuchemsha huua vijidudu vyote, hata vichache vinavyostahimili klorini, na yatosha maji yatokote kwa nguvu mara moja. Gharama yake ni makaa, na maji yaliyopoa hayana ulinzi wowote mkono ukiingia. Asiye na dawa wala makaa aweza kujaza maji maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi na kuzilaza juani, juu ya bati, kwa saa 6. Mawingu yakitanda, kwa siku 2 mfululizo.

Ndoo yenyewe

Dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo wazi, na ndoo yenye mfuniko na koki ni bora kwa kunywea. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri, ila hula klorini upesi, kwa hiyo maji yaliyotiwa dawa yakae kwenye plastiki. Wakati wa kipindupindu cha mwaka 1990 huko Nyamithuthu, kutia mkono ndani ya maji yaliyohifadhiwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na kuugua. Suuza dumu kwa maji yenye dawa, ukilitikisa, badala ya kulisugua kwa vidole vitupu pale pampuni. Kikombe cha kuchotea kiwe na mpini mrefu na kining'inie, kisiachwe sakafuni.

Kisima kikibainika kuwa na E. coli, kamati imwite ofisa wa maji wa wilaya au shirika linalohusika ili kisima chenyewe kitiwe klorini nyingi. Hiyo si kazi ya kukisia, maana kiasi hutegemea ujazo wa maji yaliyomo. Dawa huachwa usiku kucha, pampu hufungwa ili mtu asiteke, kisha maji hupigwa na kumwagwa mpaka harufu iishe. Sampuli nyingine ichukuliwe baada ya hapo. Ikiwa nyufa za sakafu hazikuzibwa, sampuli hiyo itaonyesha E. coli tena.