Mushauri wa komine akivunjika mguu, nani anabeba sauti ya wakaaji?

Tarehe 20/12/2023, wakaaji wa miji mikubwa ya provensi walichagua washauri wa komine. Hapa Bunia komine ziko tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari.

Asubuhi na mapema watu wanapiga hodi kwa mushauri: bomba haitoe maji, mufereji umejaa taka, barabara imekatwa na mvua. Yeye hana sanduku la pesa. Kwa sheria, kazi yake ni kufikisha shida hizo ndani ya baraza, kupiga kura juu ya bajeti, na kumuuliza burugumestre pesa imetumika namna gani.

Sasa, akianguka na pikipiki? Mguu uliovunjika unaweza kuomba miezi mitatu ao zaidi. Kiti hakipotei kwa sababu hiyo, lakini ni vizuri aandikie baraza kwa nini anakosa. Suplea wake anaingia kama kiti kimebaki wazi, mfano kwa kifo ao kujiuzulu.

Kwa hiyo, mukaaji, usingoje apone. Mupelekee barua mushauri mwengine, ubakie na kopi. Baraza ni la komine nzima.