Kayaki Katika Ziwa la Viboko

Nilizaliwa Vanga, mwisho kabisa wa pwani ya Kenya, mahali ambapo mtoto hujifunza kupiga kafi kabla ya kujua kusoma. Ajabu ni kwamba chombo kilichonisumbua akili kuliko vyote sikukikuta baharini. Nilikikuta Naivasha, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, nikiwa mwalimu mstaafu mwenye mvi. Nacho kilikuwa cha plastiki.

Mwanangu wa pili anaishi Texas. Huko amejifunza kuvua kwa kayaki samaki ambaye Wamarekani humwita bass, nami humwita besi ili ulimi wangu upumzike. Mwaka wa 2016 alikuja likizo, na kayaki ikamtangulia kwa meli, imebanwa katika kontena baina ya magodoro na mashine za kufulia za watu wengine. Ilikuwa na urefu wa mita 3.6, upana wa sentimita 86, na rangi ya majani mabichi. Akaiweka uani, akasema, "Baba, ziwa unalo, samaki unao, na chombo ndicho hiki." Baada ya wiki tatu akarudi Texas, akaniachia kazi ya kukivisha chombo vifaa vyake.

Watu wengi wa Naivasha hudhani besi amekuwamo ziwani tangu dunia iumbwe. Si kweli. Ziwa hili, pamoja na ukubwa wake wote, lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kidagaa cha urefu wa kidole. Mwaka wa 1925 waliletwa tilapia, na mwaka wa 1929 akaletwa besi kutoka Marekani. Hakuletwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Walowezi walitaka samaki wa mchezo, samaki anayepigana, anayeruka juu ya maji huku akitikisa kichwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Miaka iliyofuata wakaongezwa wengine. Kile kidagaa cha asili kilionekana mara ya mwisho mwaka wa 1962, na besi ni miongoni mwa wanaoshukiwa.

Uvuvi wa biashara kwa nyavu ulianza mwaka wa 1959. Mwaka wa 1970 wakatiwa ziwani kamba wekundu wa maji baridi, wenyeji wa Louisiana, na besi akajikuta anakula chakula cha kwao akiwa ugenini. Ni wahamiaji wangapi wamepata bahati hiyo? Mwaka wa 1988 gugu maji likaonekana. Mwaka wa 2001 akaja mgeni mwingine tena, samaki mpekua matope mwenye asili ya Ulaya na Asia, na haikupita miaka mingi akawa ndiye anayejaza nyavu za watu kuliko wote. Hata ndege za Imperial Airways zilizotua juu ya maji zilifika hapa kuanzia mwaka wa 1937. Kwa kifupi, ukiacha ndege wenye manyoya na mafunjo ya ufuoni, mwenyeji wa kweli wa ziwa hili ni kiboko. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliwinda viboko hapa mwaka wa 1909 akiwa katika boti ya makasia, na dume mmoja akamjia kinywa wazi. Roosevelt alikuwa na bunduki. Mimi nilikuwa na fimbo mbili za kuvulia.

Basi, kayaki nayo ni mgeni, tena wa kutoka mbali zaidi. Waliobuni chombo hiki ni watu wa Aktiki: Wainuit wa Greenland na Kanada, na jamaa zao wa Alaska na visiwa vya Aleut. Katika sehemu nyingi za nchi hizo hakuna miti ya kukata. Mifupa ya chombo ilitengenezwa kwa magogo yaliyoletwa na mawimbi, ikavishwa ngozi za sili zilizoshonwa zisipitishe maji. Lililonigusa zaidi ni vipimo vyake. Kayaki ya Greenland ilitengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mwenyewe: urefu wake, kwa kawaida, pima tatu za mikono yake iliyonyooshwa, na upana wake ni nyonga zake na ngumi mbili. Mwenyewe hakukaa juu ya kayaki, aliivaa.

Niliposoma hayo nilimkumbuka babu yangu. Naye alipima kwa shubiri, dhiraa na pima. Alipotaka mtumbwi mpya alikwenda kuitazama miembe ya watu kama mtu anayetafuta mke, akigonga shina kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Mwembe mmoja aliukataa kwa sababu uliinamia kusini. Alisema mtumbwi wake ungevuta upande mmoja mpaka kufa kwake. Sijui kama hilo ni kweli. Najua tu kwamba vyombo vyake vilikwenda sawa.

Wazungu waliichukua kayaki wakaivisha turubai. Kiwanda cha Klepper cha Rosenheim, Ujerumani, kilianza kuuza za kukunjwa mwaka wa 1907, na mwaka wa 1956 daktari Hannes Lindemann akavuka Atlantiki kwa moja ya hizo. Miaka ya 1970 ikaja plastiki ya kuyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa, na kayaki ikawa rahisi. Ikaja pia namna ya kukaa juu: tundu la kuingiza miguu likaondolewa, na maji yanayorushwa ndani yakapewa matundu ya kutokea chini. Mwaka wa 1997 kampuni ya Hobie ikatoa kayaki ya kuendeshwa kwa miguu, mikono ibaki na fimbo. Chombo cha kuvaa kikawa kiti.

Wavuvi wa besi walikipenda kwa sababu ya tabia ya samaki mwenyewe. Besi hakai katikati ya maji meupe. Hujificha chini ya majani, kando ya mizizi, penye kivuli, akingoja kinachopita. Boti yenye mashine haifiki huko, na ikifika humkimbiza. Kayaki huelea penye maji ya magotini, na haina kelele. Katika kuchagua, mambo makubwa ni machache. Chombo kirefu na chembamba huenda mbio lakini hutikisika. Kifupi na kipana huenda kama ng'ombe mzee lakini unaweza kusimama ndani yake ukarusha mshipi. Kuna pia uzito. Kibao cha kiwandani husema kilo ambazo chombo kinaweza kubeba, lakini mwenye akili huacha theluthi moja, kwani chombo kilichoshiba kupita kiasi hukaa chini majini na kugeuka kwa shida. Mimi nina kilo 84. Nilipima kila kitu kwenye mizani ya muuza viazi, na watu wakanishangaa.

Kazi ya kukivisha ilinichukua miezi miwili, na sitaficha kwamba ilikuwa miezi ya furaha. Nyuma ya kiti nilifunga kreti ya soda kwa mpira wa baiskeli, na kando yake mabomba mawili ya plastiki ya kusimamishia fimbo. Kafi nililifunga kwa ugwe lisije likachukuliwa na maji. Jaketi la kuokolea maisha nilinunua zuri, lenye filimbi. Ndani ya kreti nilitia chambo cha bandia chenye umbo la kamba wekundu, koleo, maji ya kunywa, wavu wa mkono na kisu. Nanga ilikuwa kipande cha chuma cha kilo mbili, chenye kamba ya mita nane. Nanga ya kayaki hufungwa mbele au nyuma, kamwe si ubavuni, maana upepo ukikivuta chombo kwa ubavu hukilaza. Hilo nilizingatia. Niliifunga nyuma, kwa fundo la babu yangu, fundo ambalo halijapata kufunguka lenyewe tangu nilijue.

Jirani yangu, mzee aliyevua ziwa hili zaidi ya miaka thelathini, alikuja kutazama. Aliizunguka mara mbili bila kusema neno.

"Mwalimu, ukiinuliwa, utashika nini?"

"Nitashika kafi, mzee."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Akaniambia boti zao ni za mbao, zina kuta, na hawaendi mtu mmoja: mmoja huvuta nyavu, mwingine hutazama maji. Mdogo wake aliuawa na kiboko akitega nyavu, na siku hiyo wa kutazama alikuwa amesinzia. "Hiki," akasema akiigonga plastiki kwa kidole, "hakina ukuta, na hakina wa kutazama." Nilimshukuru kwa adabu. Moyoni nilijiambia kwamba yeye ni mtu wa ziwa na mimi ni mtu wa bahari.

Nilitoka Jumamosi moja ya Februari mwaka wa 2017, saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ndiyo saa besi anakula. Ndiyo pia saa viboko hurudi majini kutoka malishoni, jambo nililolijua kwa zaidi ya miaka arobaini ya kuishi Naivasha, na ambalo asubuhi ile nilijifanya sikulijua. Nilitia nanga hatua kama thelathini kutoka kwenye mafunjo. Kwa maneno mengine, nilijiweka katikati ya nchi kavu na kina cha maji, yaani katikati ya kiboko na kwake.

Nilipata besi mmoja, kilo moja hivi, na alipigana kama walivyotaka wale walowezi wa mwaka wa 1929. Nilikuwa namtoa ndoana nilipoona mafunjo yanafunguka. Hapakuwa na upepo.

Nilivuta nanga, ilikuwa imeshika mizizi. Nikageuka kufungua fundo. Lilikuwa nyuma ya kreti, limelowa, limekaza, na vidole vyangu vilikuwa na utelezi wa samaki. Kisu kilikuwa ndani ya kreti, chini ya wavu, na wavu ulikuwa umenasa kwenye chambo. Sijui ilikuwa dakika moja au tatu. Najua kwamba kiboko aliingia majini bila haraka yoyote, akazama, na kutoka hapo sikujua yuko wapi. Nilikata mkono wangu kwanza, kisha kamba. Mgongo wake ukatokea upande wa pili, kama urefu wa kayaki yenyewe kutoka kwangu, na wimbi lake likanigeuza nikatazama nilikotoka.

Sikupinduka. Upana wa sentimita 86 ndio ulionisaidia, na pengine kiboko alikuwa ameshiba. Lakini fundo lile ningeweza kulifia. Babu yangu alilifunga kwa sababu baharini hofu kubwa ya mvuvi ni nanga kumpotea na mkondo kumchukua. Katika ziwa lile hofu ni kinyume chake. Sikuwa nimechukua maarifa ya babu. Nilichukua fundo lake tu.

Na historia niliyoisoma ilikuwa imekwisha kuniambia. Mwindaji wa Greenland hakufunga kamba ya chusa kwenye kayaki yake. Aliifunga kwenye boya la ngozi ya sili lililojaa pumzi, lililokaa nyuma yake. Mnyama akichomwa na kuzama, boya lilitupwa majini likaenda naye, na mtu akabaki huru kulifuata kwa macho. Silaha zake zote zilikaa juu ya chombo, mbele na nyuma yake, zimeshikwa kwa kanda za ngozi, kila kitu mahali mkono unapofika bila kutafuta. Wavuvi wa kayaki wa siku hizi hufanya vivyo hivyo: kamba ya nanga hushikwa kwa kibanio kinachofunguka kwa mvuto mmoja, mwisho wake una boya, na kisu hukaa kifuani, juu ya jaketi. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote nikiwa nimevaa miwani, nikayapenda kama mtu anavyopenda hadithi.

Niliporudi, mzee jirani alikuwa ufuoni. Alitazama kipande cha kamba kilichobaki, akatazama mkono wangu, akapokea besi niliyempa, asiulize. Mke wangu nilimwambia nilijikata nikipasua samaki. Mwanangu nilimwambia samaki wamepungua. Atalisoma hili humu kwa mara ya kwanza, na naomba anipigie simu akiwa ameketi.

Nilibadilisha fundo, nikahamisha kisu, nikaweka boya. Kisha nikaitundika kayaki chini ya paa la stoo, na besi nikawa nanunua.

Mwaka wa 2020 ziwa lilifura likaingia katika makazi ya watu, na mtaa wa Kihoto ukawa maji. Nilikuwa na miaka 69. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu alikuja mbio kuuliza kama kile chombo cha kijani bado kipo. Tukakiteremsha, tukaondoa kiti, kreti na mabomba ya fimbo, kikabaki kitupu kama sinia. Walikivuta kwa kamba katika barabara yenye maji ya kiunoni, watatu wakivuta na mmoja amesimama juu ya ukuta akitazama upande wa ziwa, kwa kuwa viboko nao walikuwa wamefuata maji. Safari ya kwanza ilibeba magodoro mawili, ya pili cherehani na mtungi wa gesi. Safari ya tatu ilibeba bibi mmoja mwenye miguu mibovu, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, amemkumbatia kuku.