Mbwa Aliyepoteza Kazi: Kutoka Mawindo ya Buganda hadi Mnyororo wa Kalerwe

Jina la Kampala, kama linavyosimuliwa na wenyeji, limetokana na swala pala. Kabla ya Lugard kujenga ngome yake juu ya kilima hicho mnamo Desemba 1890, hapo palikuwa mahali pa mawindo ya Kabaka. Palipo na mawindo hapakosi mbwa. Leo swala hawapo na wawindaji hawapo, ila mbwa wamebaki. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha jinsi mbwa wa Buganda alivyopoteza kazi yake, na kutoa hoja kwamba tabia zinazotukera hapa Kalerwe, yaani kubweka usiku kucha, kufukua, kutafuna viatu na kuuma wapita njia, zina historia. Ni tabia za mnyama mwenye akili asiyepewa shughuli.

Tuanze na mwaka 1862. John Hanning Speke alipofika katika ikulu ya Kabaka Mutesa I, alimkuta mfalme akiwa na vitu vya heshima kando yake: mkuki, ngao, mwanamke na mbwa mweupe. Speke aliandika pia simulizi aliyopewa kuhusu asili ya nchi, kwamba ilianzishwa na mwindaji kutoka Bunyoro aliyekuja na mwanamke, mkuki, ngao na kundi la mbwa. Simulizi hiyo si lazima tuichukue kama tukio lililotokea hivyo hivyo. Linalotuhusu ni kwamba mbwa aliwekwa pamoja na silaha katika alama za ufalme. Hakuwa mlinzi wa geti, alikuwa mshirika wa kazi.

Ushahidi wa pili uko katika koo. Miongoni mwa koo za Baganda upo ukoo wa Mbwa, na kabbiro yake, yaani mwiko wake wa pili, ni Kyuma kya Mbwa: chuma cha mbwa. Mbwa wa mawindo alivalishwa kengele ili mwindaji amfuate kwa sikio pale alipopotelea vichakani. Tufikirie kazi hiyo ilidai nini. Mbwa alipaswa kunusa na kutofautisha nyayo, kukumbuka njia, kushirikiana na wenzake, kutii sauti ya mtu na kumsukuma mnyama kuelekea kwenye wavu. Hiyo ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya miguu. Mbwa aliyeshinda hivyo alirudi nyumbani akiwa na haja moja tu, kulala.

Kazi hiyo iliondokaje? Naona sababu tatu. Ya kwanza ni sheria. Serikali ya kikoloni iliweka mawindo chini ya vibali, na mwaka 1925 ikaanzisha idara ya kusimamia wanyama wa porini. Aliyewinda na mbwa wake kama babu yake akageuka mhalifu. Pia palikuwa na sheria ya kichaa cha mbwa, iliyowapa maofisa uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe na wanaozurura wauawe. Sheria hii ilikuwa na msingi: ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hauna anayepona. Lakini iliamuru mbwa afungwe bila kusema afanye nini akiwa amefungwa.

Sababu ya pili ni mji wenyewe. Kalerwe iko bondeni, kati ya Barabara ya Gayaza na mfereji wa Nsooba. Mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja, imebanana kiasi kwamba ua ni upana wa kamba ya nguo. Hapo mbwa hufungwa mchana kwenye kibanda, akapewa posho na mukene jioni, kisha akafunguliwa usiku ili abweke. Kati ya uwezo wake wote, kilichobaki na thamani ni sauti.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, nayo ni maneno. Mbwa wa kienyeji tunamwita mbwa koko, yaani wa vichakani. Walowezi wa Kenya waliazima neno letu "shenzi" na kulitumia kwa mbwa hao hao, wakimaanisha hana mbegu wala adabu. Lakini angalia kilichotokea Kongo. Mbwa wa mawindo wa huko, ambao nao huvalishwa kengele kwa kuwa hawabweki kama wengine, walipelekwa Uingereza na Olivia Burn na kuonyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937. Waliitwa Basenji, jina lenye undugu na "washenzi". Leo ni mbwa wa gharama Ulaya na Marekani, na wanaowafuga huonywa kwamba wasipopewa la kufanya wataharibu nyumba. Basi mbwa wa kienyeji akitafuna kiatu Kalerwe ni mshenzi. Basenji akitafuna kiatu London ana akili nyingi. Neno limetuzuia kuona kwamba tatizo ni lile lile.

Wapo Waganda waliozoea kusema mbwa wa kienyeji hafundishiki. Mfano wa Gulu unawapinga. Huko, mradi ulioanzishwa na Francis Okello Oloya huwakutanisha manusura wa vita vya kaskazini na mbwa, wengi wao waliokuwa wakizurura. Mtu na mbwa hufunzwa pamoja hadi wanahitimu. Mbwa amepewa tena kazi, na kazi hiyo ni kumtuliza binadamu.

Hatuwezi kuyarudisha mawindo, wala haifai. Tunachoweza kurudisha ni ile sehemu ya pua na akili. Katika mzigo ninaopanga nimejaribu na mbwa wa mwenye nyumba. Badala ya kummwagia mukene kwenye sahani, naufunga ndani ya maganda makavu ya mgomba au kuutia kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa, kisha naificha uani aitafute. Alfajiri, kabla soko halijajaa, namtembeza kwa kamba na kumwacha anuse anapotaka. Hayo hayagharimu hata shilingi mia tano. Jirani aliyekuwa akimrushia mawe amepunguza, kwa sababu kelele zimepungua.

Kwa kuhitimisha, historia ya mbwa wa Buganda ni historia ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi, akabadilishwa jina, kisha akalaumiwa kwa kukosa adabu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na kumzuia mbwa asizurure ni haki ya majirani. Lakini anayemfunga mnyororo ana wajibu wa kumpa shughuli, kama mwindaji wa zamani alivyokuwa na wajibu wa kuisikiliza kengele yake.