Ngazi ya Manowari: Kupanda Cheo kwa Maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza na Pwani ya Waswahili katika Karne ya 19

Neno manowari liliingia katika Kiswahili kutokana na namna Waingereza walivyoziita meli zao za vita, nalo limezoeleka kiasi kwamba msemaji wa leo halioni tena kuwa la kigeni. La kuzingatiwa ni kwamba Kiswahili kiliipokea meli bila ya kuvipokea vyeo vya watu waliokuwamo ndani yake. Haja haikuwapo. Chombo cha pwani kilikuwa na ngazi yake kamili: baharia, serahangi, rubani, nahodha. Kijana alianza kwa kupika na kufua maji ya ngama, akajifunza nyota, pepo na miamba kwa kuambiwa na kwa kuona, na aliyekuwa hodari, au mwenye jamaa anayemiliki chombo, hatimaye alishika unahodha. Kaskazi ilimpeleka, kusi ikamrudisha, na mwaka uliofuata alionekana tena katika bandari zile zile, akisalimiwa kwa jina. Ngazi ya manowari ilijengwa kwa mbao nyingine. Mhadhara huu unachunguza jinsi ofisa wa Kiingereza alivyofunzwa, alivyopandishwa cheo na alivyobakizwa kazini, na jinsi mambo hayo ya ndani ya meli yalivyoamua mengi yaliyotokea nje yake, Mombasa, Pemba na Unguja.

Katika Uingereza ya karne ya 17 uofisa wa baharini uligombewa na makundi mawili: waungwana waliopata nafasi kwa ukaribu wao na mfalme, aghalabu bila ya kujua kuongoza meli, na mabaharia waliokulia kazini, walioijua bahari lakini hawakuwa na wa kuwatetea. Mwaka 1677 Samuel Pepys, aliyekuwa katibu wa idara iliyosimamia jeshi hilo, alifanikisha sharti la mtihani. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa luteni kabla ya kutimiza miaka 20, kutumikia baharini kwa miaka 3, na kuulizwa maswali ya urubani na uendeshaji wa meli mbele ya maofisa wakuu. Ikikumbukwa kwamba jeshi la nchi kavu la Uingereza liliendelea kuuza vyeo hadi mwaka 1871, itaonekana kuwa sharti hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, mtihani ulikuwa mlango wa kwanza tu. Kutoka luteni hadi kapteni, ofisa alihitaji ama mlezi mwenye sauti London ama vita. Akishaingia katika orodha ya makapteni mambo yaligeuka: tangu hapo alipanda kwa ukongwe peke yake, kadiri waliomtangulia walivyokufa. Mvivu na hodari walipanda kwa mwendo mmoja, alimradi wote wawili walikuwa hai. Asiyekuwa na meli hakufukuzwa. Alikaa nyumbani kwa nusu mshahara, akingoja barua ya kumwita. Utaratibu huo uliliwezesha jeshi kuwabakiza watu wake wakati wa amani kwa gharama ndogo, lakini ulizalisha umati wa watu wenye vyeo na wasiokuwa na kazi.

Umati huo ulifurika baada ya vita vya Napoleon. Mwaka 1813 jeshi la wanamaji lilikuwa na watu zaidi ya 140,000. Mwaka 1817 lilibaki na chini ya 20,000. Mabaharia waliachishwa kazi na kusahauliwa. Maofisa walibaki katika orodha kwa maelfu, wengi wao wakijua kwamba hawatapata meli tena maishani. Kazi mojawapo iliyosalia ilikuwa kupima bahari na kuchora ramani, na ni kazi hiyo iliyomleta pwani William Fitzwilliam Owen. Owen aliingia katika jeshi mwaka 1788 akiwa mtoto, akawa kapteni mwaka 1811, na mwaka 1822 akaondoka Uingereza na meli za Leven na Barracouta ili kuipima pwani ya Afrika. Homa iliua sehemu kubwa ya maofisa na mabaharia wake. Katika hali ya kawaida msiba kama huo ulikuwa, kwa maofisa wa chini, njia ya kupanda: anayekufa huacha nafasi.

Februari 1824 Owen aliwasili Mombasa. Wamazrui, waliokuwa wakitishwa na Seyyid Said, walikuwa wamekwisha kupandisha bendera ya Kiingereza waliyoishona wenyewe, wakaomba ulinzi. Owen aliukubali kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Serikali yake haikuwa imemtuma kufanya hivyo. Akamwacha mjini luteni wa tatu wa meli yake, John James Reitz, pamoja na ofisa mwanafunzi mmoja na askari na mabaharia wasiotimia hesabu ya vidole vya mikono miwili.

Ni haki kuuliza kwa nini mji wa kale, wenye liwali, masheikh na wazee wa Thenashara Taifa, ukabidhiwe kwa luteni wa tatu. Jibu limo katika ngazi yenyewe. Kapteni hakuweza kuiacha meli yake. Luteni wa kwanza alihitajika melini. Na kwa kijana asiyekuwa na mlezi London, utawala wa Mombasa ulikuwa bahati ambayo isingemjia mara ya pili. Reitz hakuifaidi bahati hiyo. Mei 1824 alifariki kwa homa, baada ya safari ya kuelekea Pangani. James Emery, kaimu luteni aliyemfuatia, alidumu kuanzia Agosti 1824 hadi Julai 1826, serikali ya London ilipokwisha kukataa kuuthibitisha ulinzi huo. Shajara yake ni miongoni mwa maandishi yenye manufaa kwa mtafiti wa Mombasa ya wakati huo, na mwaka 1833 maelezo yake mafupi ya mji huo yalichapishwa katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Kwa hakika hapakuwa na Mwingereza mwingine aliyeijua Mombasa kama yeye. Lakini jeshi halikuwa na cheo cha kumpa mtu kwa kuijua Mombasa. Owen naye aliipanda ngazi kwa njia ya kawaida, yaani kwa kuishi: alikuwa admirali wa nyuma mwaka 1847, miaka 36 baada ya kuwa kapteni.

Miongo minne baadaye manowari zilirudi kwa wingi kuwinda majahazi ya watumwa. Safari hii kulikuwa na kishawishi kipya. Kwa kila mtumwa aliyekombolewa serikali ililipa pauni 5, na malipo mengine yalitolewa kwa ukubwa wa chombo kilichokamatwa. Fedha ziligawanywa kwa kufuata ngazi, kapteni akipata fungu nono na baharia makombo. Mtu asikimbilie kusema kwamba maofisa hao walikuwa wanafiki. Wapo walioichukia biashara hiyo kwa dhati, na kitabu cha Kapteni George Sulivan cha mwaka 1873 kinaonyesha hasira ya kweli. Lakini utaratibu ulimlipa ofisa kwa kukamata. Haukumlipa kwa kuchunguza. Majahazi mengi yalichomwa au kuzamishwa baharini kwa hoja kwamba yasingeweza kufikishwa bandarini salama, na malalamiko ya wenye vyombo halali yalifika hadi London. Sheria ya mwaka 1869 kuhusu mamlaka ya mahakama ya konseli huko Zanzibar ilitungwa wakati malalamiko hayo yakipamba moto.

Hapa lugha ilikuwa suala la mali na riziki. Mabaharia wengi wa majahazi walikuwa watumwa kwa hadhi yao ya kisheria, ilhali walifanya kazi kwa ujira kama wenzao waungwana. Ofisa akiuliza kupitia mkalimani kama fulani ni mtumwa, na akajibiwa ndiyo, jibu hilo moja liliweza kukiangamiza chombo kizima, pamoja na shehena na ujira wa huyo huyo aliyejibu. Kulipambanua jambo hilo kulihitaji mtu aliyekaa pwani muda mrefu. Manowari ilikaa miaka michache, ikaondoka na kila alichojifunza ofisa wake. Iliyofuata ilianza upya, na mkalimani yule yule aliyeajiriwa bandarini.

Kati ya mwaka 1874 na 1883 hali hiyo ilibadilika kidogo, kwa kuwa meli kongwe ya London ilitiwa nanga Zanzibar na mashua zake zikazunguka Unguja na Pemba. Kazi ilikuwa ya hatari: Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akijaribu kulikagua jahazi. Ndani ya meli hiyo alikuwamo Lloyd Mathews. Alizaliwa mwaka 1850, akaingia jeshini mwaka 1863 akiwa na miaka 13, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo ya kuwachukua watoto na kuwafinyanga, akapata uluteni mwaka 1874. Mageuzi ya mwaka 1870 yalikuwa yamelazimisha maofisa wazee kustaafu kwa umri, lakini foleni ya maluteni ilibaki ndefu. Mwaka 1877 aliazimwa kwa Sultani Barghash ili aunde jeshi la nchi kavu. Mwaka 1881 aliacha kabisa jeshi la wanamaji. Luteni wa majini akawa Brigedia wa Zanzibar, na mwaka 1891 akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Alikizungumza Kiswahili, akabaki Unguja hadi kifo chake mwaka 1901. Jeshi lililomlea tangu utotoni halikuweza kumbakiza; aliyembakiza ni Sultani, aliyempa kazi inayolingana na alichokijua.

Agosti 1895 Mathews alikuwako Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui, pamoja na wanamaji wa Admirali Harry Rawson, ofisa aliyeipanda ngazi ile ile bila ya kushuka. Kizazi cha wale walioshona bendera ya Kiingereza mwaka 1824 sasa kilishambuliwa chini ya bendera hiyo. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti, manowari za Rawson zilipiga mizinga kasri ya Sultani huko Unguja na kuizamisha meli ya Glasgow, kwa muda usiofika saa moja.

Kenya ilipounda jeshi lake la wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, uongozi ulibaki mikononi mwa Waingereza hadi mwaka 1972. Mafunzo yalifuata njia ya zamani: Samson Mwathethe, aliyejiunga mwaka 1978 na kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020, alipitia chuo cha Dartmouth. Vyeo havikufuata. Maofisa wa majini wa Kenya walipewa vyeo vya nchi kavu, kuanzia luteni hadi meja jenerali, kama alivyokuwa Brigedia Mathews. Neno nahodha, ambalo lingeweza kuazimwa kutoka majahazini hatua chache tu kutoka hapo, halikuitwa kazini. Makao ya jeshi hilo yako Mtongwe, kando ya maji ya Kilindini. Hori linaloendelea kuingia bara kutoka hapo bado linaitwa Port Reitz, kwa jina la luteni wa tatu.