ASEAN: Wenzetu wa Mwaka 1967

Kila mjadala wa Shirikisho la Afrika Mashariki unapopamba moto, hakosi mtu wa kusema, "Mbona wenzetu wa Asia wameweza?" Ukimuuliza wameweza nini hasa, anababaika. Atakutajia Singapore, atakutajia Malaysia na mawese yake, basi. Nimeifuatilia jumuiya yao kwa muda sasa, na nimeona niiandike kwa kirefu kidogo ili siku nyingine tukibishana, tubishane tukijua tunachobishania.

Jumuiya yenyewe inaitwa ASEAN, yaani umoja wa mataifa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ilizaliwa Bangkok tarehe 8 Agosti 1967. Umri wake ni uleule wa Jumuiya yetu ya kwanza, maana mkataba wetu ulisainiwa Kampala Juni mwaka huohuo. Yetu ilikufa 1977 ikabidi ifufuliwe miaka zaidi ya ishirini baadaye. Yao haijawahi kufa hata siku moja. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajiulize.

Sisi tulianza na mali. Tulikuwa na reli moja, bandari, posta na ndege za pamoja, vyote urithi wa mkoloni. Wao walianza na karatasi. Azimio la Bangkok lina vifungu vitano tu, halina soko la pamoja, halina bunge, halina mahakama. Waliosaini walikuwa mawaziri wanne wa mambo ya nje, Adam Malik wa Indonesia, Narciso Ramos wa Ufilipino, S. Rajaratnam wa Singapore na Thanat Khoman wa Thailand, pamoja na Tun Abdul Razak, naibu waziri mkuu wa Malaysia. Kabla ya kusaini walijichimbia Bang Saen, mji wa pwani, wakacheza gofu na kuzungumza bila makoti wala tai.

Usidhani walikuwa marafiki. Kati ya 1963 na 1966 Indonesia ya Sukarno ilikuwa inapeleka wapiganaji kuivuruga Malaysia, ambayo yeye aliiona ni kibaraka wa Waingereza. Ufilipino ilikuwa inadai jimbo la Sabah, lililo ndani ya Malaysia, na dai hilo mpaka leo halijafutwa rasmi. Singapore ilikuwa imetoka Malaysia Agosti 1965, na haikutoka kwa tabasamu. Ongeza vita vya Vietnam vilivyokuwa vinawaka jirani, na kila mmoja wa hao watano akiogopa wakomunisti nyumbani kwake. Kwa hiyo swali lao halikuwa "tutafanyaje biashara pamoja?" Swali lilikuwa "tutafanyaje ili huyu jirani asiniondoe madarakani?"

Jibu walilolipata ndilo linaloeleza kila kitu kilichofuata, mazuri na mabaya: mimi sigusi ya kwako, wewe usiguse ya kwangu. Mwaka 1976, kwenye mkutano wa kwanza kabisa wa wakuu wa nchi, uliofanyika Bali, wakaliandika kwenye mkataba wa urafiki. Kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzako, kutotumia nguvu, kumaliza ugomvi kwa mazungumzo. Hebu fikiria, miaka tisa nzima ilipita marais na mawaziri wakuu hawajawahi kukaa pamoja kama jumuiya. Hawakuwa na haraka.

Namna yao ya kuamua nayo ni ya peke yake. Hawapigi kura. Wanatumia maneno mawili ya Kimalay, *musyawarah* na *mufakat*. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: la kwanza ni ndugu wa "shauri", la pili ni "muafaka" wetu uleule, yote yametoka kwenye Kiarabu. Mnazungumza mpaka mnaafikiana, na mmoja akikataa hakuna uamuzi. Waliokumbuka muafaka wa kwanza na wa pili kule Zanzibar wanajua uzuri wa jambo hili na wanajua pia karaha yake.

Michango ya kuendesha Sekretarieti, iliyoko Jakarta, ni sawa kwa sawa. Indonesia yenye watu wapatao milioni 280 inatoa sawasawa na Brunei ambayo haifikishi hata nusu milioni. Matokeo yake bajeti inapimwa kwa uwezo wa mnyonge, na Sekretarieti inabaki ndogo. Nadhani wakubwa wanapenda iwe hivyo. Lugha ya kazi ni Kiingereza, uenyekiti unazunguka kila mwaka kwa kufuata alfabeti.

Wanachama waliongezeka polepole. Brunei 1984, Vietnam 1995, Laos na Myanmar 1997, Kambodia 1999. Kisha Timor-Leste, iliyoomba 2011 na kukubaliwa Oktoba 2025 ikawa wa kumi na moja. Hiyo ya mwisho ina uchungu wake. Indonesia iliivamia Timor ya Mashariki mwaka 1975 ikaikalia mpaka 1999, watu wakafa kwa makumi ya maelfu, na ASEAN muda wote huo ilitazama pembeni, si ilikuwa "mambo ya ndani"? Leo Xanana Gusmão, aliyeongoza mapambano yale na kufungwa gerezani Jakarta, anakaa meza moja na Indonesia akiwa waziri mkuu, na neno lake lina uzito uleule. Sijui niite haki au kejeli.

Lakini waliwahi kusimama kidete, na ni lazima tuseme walisimama kwa ajili ya nani. Vietnam ilipoingia Kambodia mwishoni mwa 1978 na kuwaondoa Khmer Rouge, wale wauaji wa Pol Pot, ASEAN ilipiga kelele Umoja wa Mataifa miaka kumi. Hoja yao: jirani hapindui serikali ya jirani, hata iwe serikali ya namna gani. (Sisi tuliokuwa tunaingia Kampala mwaka uleule 1979 kumtoa Amin tungejibu nini?) Kwa msimamo huo kiti cha Kambodia kule New York kilibaki mikononi mwa Khmer Rouge, baadaye muungano waliokuwemo. Vietnam iliondoka 1989, amani ikasainiwa Paris 1991. Wanadiplomasia wa ASEAN huuhesabu huo ushindi wao mkubwa. Mimi unanikaa kooni.

Tuje kwenye biashara, maana ndiyo watu wanayoisifia. Eneo huru la biashara walikubaliana 1992, miaka ishirini na mitano baada ya kuanza. Ushuru ulishushwa hatua kwa hatua, na kufikia 2010 wale sita wa zamani walikuwa wameuondoa karibu wote kwa bidhaa za wenzao. Mwisho wa 2015 wakatangaza jumuiya ya kiuchumi. Lakini angalia jambo moja ambalo wanaosifia hawalisemi: biashara baina yao wenyewe bado ni chini ya robo ya biashara yao yote. Wateja wao wakubwa ni China, Marekani, Japani na Ulaya.

Sasa ushuru umewasaidia nini? Chukua gari la Toyota. Mradi wao wa 2004, uliotoa Hilux na Innova, ulipangwa hivi: injini za dizeli zinatengenezwa Thailand, za petroli Indonesia, giaboksi Ufilipino, halafu vipuri vinavuka mipaka kwenda kuunganishwa. Gari moja, nchi tatu. Kampuni isingefanya hivyo kama kila mpaka ungekuwa na afisa forodha wa kukwamisha kontena wiki mbili. Kwa hiyo hawauziani sana vitu vilivyokamilika, wanatengeneza kwa pamoja vya kuwauzia wengine. Kwangu mimi hili ndilo la kuiga, kuliko wimbo na bendera.

Watu, hata hivyo, hawavuki kirahisi kama giaboksi. Kutembea kwa wiki mbili bila viza, sawa. Kufanya kazi, wamekubaliana kutambuana fani nane tu: wahandisi, wauguzi, madaktari, madaktari wa meno, wasanifu majengo, wapima, wahasibu na watu wa utalii. Yule dada wa Indonesia anayefanya kazi za ndani Kuala Lumpur au Singapore hayumo, na wala kibarua wa Myanmar kwenye viwanda vya samaki Thailand hayumo. Hao ndio wengi.

Kipimo kikubwa kilikuja 1997. Tarehe 2 Julai Thailand iliiachia sarafu yake, baht, ikaporomoka kutoka 25 kwa dola hadi zaidi ya 50 ndani ya miezi. Moto ukaruka Indonesia, Malaysia, kila mahali. Suharto, aliyekaa madarakani miaka zaidi ya thelathini, akaanguka Mei 1998. ASEAN haikuwa na hata ndoo ya maji, Thailand na Indonesia zikakimbilia IMF kila moja kivyake. Baadaye, mwaka 2000, wakakutana Chiang Mai na China, Japani na Korea Kusini, wakaanza mfuko wa kuokoana ambao siku hizi unahesabiwa dola bilioni 240. Fedha nyingi. Tatizo hakuna nchi iliyowahi kuzichota, na sehemu kubwa yake imefungwa kwenye masharti ya IMF ileile waliyokuwa wanaikimbia.

Basi tufike Myanmar, ambako ile ahadi ya kutogusana inalipiwa kwa damu. Kimbunga Nargis kilipopiga Mei 2008 kikaua watu wapatao 130,000 na ushei, majenerali walikataa misaada ya nje. Hapo ASEAN ilifanya kazi nzuri ambayo haisifiwi vya kutosha. Katibu Mkuu wao, Surin Pitsuwan, aliwabembeleza mpaka wakakubali misaada ipite kwa mgongo wa jumuiya. Wasingemsikiliza Mmarekani, jirani walimsikiliza.

Ila tarehe 1 Februari 2021 jeshi lilipindua serikali iliyochaguliwa. Aprili mwaka huo viongozi walimwita Jenerali Min Aung Hlaing Jakarta, wakatoka na makubaliano ya mambo matano, la kwanza likiwa kusimamisha mauaji mara moja. Hayakusimama. Adhabu yake? Akanyimwa kiti kwenye mikutano ya wakuu, na zamu ya uenyekiti wa 2026 wakapewa Ufilipino. Kumfukuza hawawezi, Katiba yao, iliyoanza kazi Desemba 2008, haina kifungu cha kumfukuza mwanachama. Wala kuhusu Warohingya zaidi ya laki saba waliokimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017 hawakuwahi kusema neno la maana wakiwa kundi.

Kuna na bahari. China inadai karibu Bahari yote ya Kusini ya China, na Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei nao wana madai. Julai 2012 mawaziri walikutana Phnom Penh, wakashindwa kutoa tamko la pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka 45, kwa sababu mwenyekiti Kambodia, rafiki wa China, hakutaka mzozo ule utajwe. Mmoja tu alitosha kuziba midomo ya tisa. Ndiyo ubaya wa muafaka huo.

Watu walikuwa wakisema, "Angalau hawapigani wao kwa wao." Hata hilo limetetereka. Thailand na Kambodia zina ugomvi wa mpaka, ikiwemo mahekalu ya kale kama Preah Vihear, ambalo mahakama ya The Hague iliipa Kambodia 1962. Julai 2025 walipigana siku tano kwa mizinga na ndege za kivita. Anwar Ibrahim wa Malaysia, mwenyekiti wa mwaka ule, akawapatanisha tarehe 28. Oktoba wakasaini tena Kuala Lumpur, Rais Trump wa Marekani akishuhudia. Desemba wakarudi kupigana, mpaka usitishaji mwingine tarehe 27 mwezi huo. Malaki ya wanavijiji wa pande zote mbili walikimbia nyumba zao mara mbili ndani ya nusu mwaka, na waliopatanisha walikuwa na simu na heshima tu, hawana jeshi wala mahakama ya kumlazimisha mtu.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiniuliza wenzetu wa Asia wameweza nini, nitakujibu: wameweza kubaki mezani miaka karibu sitini, na wameweza kupitisha giaboksi mpakani. Mtu akikwambia wana shirikisho, au wanaelekea huko, muulize ni kifungu gani cha Katiba yao kinachosema hivyo. Hakipo.