Stika Ilitangulia, Zebra Ikachelewa

Kila Januari shule zinapokaribia kufunguliwa, trafiki wa Tanzania huyageukia magari ya wanafunzi. Tairi zinatazamwa, breki zinajaribiwa, na swali la bima halikosekani: zamani jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye stika ya kioo cha mbele, siku hizi namba ya gari inahakikiwa kwa simu. Mazoea haya yametufanya tuiweke bima na usalama wa mtoto katika kapu moja, kana kwamba mwenye gari aliyelipia bima ameshamlinda mwanafunzi. Historia ya sheria yenyewe inasema vingine. Bima ya lazima haikubuniwa kuzuia ajali. Ilibuniwa na watu waliokwisha kubali kwamba ajali zitakuwepo, wakabaki kuulizana nani alipe.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza kuilazimisha mwaka 1927. Uingereza ikafuata kwa sheria ya barabara ya 1930, na hapo pana jambo la kushangaza kidogo. Sheria hiyohiyo iliyomtaka kila mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu ndiyo iliyofuta kikomo cha mwendo cha maili 20 kwa saa, yaani kama kilometa 32. Kimbia utakavyo, mradi aliyegongwa atalipwa. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za nchi hiyo, na mwaka uliofuata kikarudishwa kikomo cha maili 30 mijini, pamoja na mtihani wa udereva. Mtoto wa shule alisubiri zaidi. Vivuko vyenye mistari ya pundamilia viliingia katika kanuni mwaka 1951, na ni sheria ya 1953 iliyowapa mamlaka ya kusimamisha magari wale wazee kwa vijana wenye kibao cha duara juu ya fimbo, wanaovusha watoto asubuhi na jioni. Mguu wa mtoto ulikuwa na bima miaka zaidi ya ishirini kabla sheria haijampa mtu wa kumvusha.

Sheria hiyo ya bima ilivuka bahari katika miaka ya 1940, ikatua Kenya na Tanganyika kwa sura ileile. Karatasi husafiri kwa urahisi: inataka mchapaji na askari wa kuikagua. Njia ya waenda kwa miguu inataka kokoto, saruji na bajeti, nayo haikupanda meli ile. Isitoshe, fidia iliyokuja na karatasi ilikuwa na kipimo cha watu wazima, kwa kuwa mahakama hupima hasara ya kifo zaidi kwa kipato kilichopotea. Mwanafunzi wa darasa la pili hana kipato, hivyo hakimu hulazimika kukisia. Hata pale hesabu inapopatikana, sheria ya Kenya hailazimishi kampuni ya bima kubeba zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja.

Wapo watakaosema bima hufundisha adabu: dereva mzembe atatozwa zaidi, mwangalifu atapata punguzo la kutodai. Kwa bima kubwa hoja hiyo ina uzito. Lakini magari mengi yanayowabeba au kuwapita wanafunzi wetu yana bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ambayo bei yake hufuata aina ya gari na idadi ya viti kuliko tabia ya aliyeshika usukani. Zaidi ya hapo, anayelipia ni tajiri, ilhali anayekanyaga mafuta ni dereva anayewaza hesabu ya jioni. Maumivu ya bei hayamfikii. Nakubali kwamba bila bima hiyo familia nyingi zingeuza shamba ili kulipia hospitali, na kwamba ukaguzi wa Januari hunasa breki mbovu pia. Ila breki hiyo ilinaswa na fundi na askari. Stika haikuiona.

Ushahidi wa kinachomlinda mtoto uko karibu nasi. Mpango wa SARSAI, uliosimamiwa na shirika la Amend kuanzia Dar es Salaam, ulizichagua shule zilizo kwenye hatari zaidi na kuzijengea matuta, njia za miguu, alama na vivuko, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya WRI Ross ya miji. Atakayejibu kwamba madereva wetu hawaheshimu zebra hajakosea. Ndiyo maana tuta huwekwa kabla ya mistari, kwa sababu daladala inayoweza kuipuuza rangi haiwezi kuipuuza springi yake. Pale ambapo tuta halijafika, baadhi ya shule huwapa wanafunzi wenyewe kibao cha kusimamisha magari: mtoto wa miaka kumi na moja, sare ya bluu na nyeupe, mkono umenyooka mbele ya lori la mchanga ambalo bima yake iko hai hadi Desemba.