Karakana ya Madison: Jinsi Jiji Lilivyofuata Njia ya Faili

Gari la Jiji la Madison lililoharibika mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikaa karakana siku 9 kwa wastani. Madison ni makao makuu ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, mji uliobanwa kati ya maziwa ya Mendota na Monona, na theluji huko haina mzaha. Lori la kusukuma theluji likilala karakana, kuna mtaa ambao gari la wagonjwa litapita kwa shida. La kuzoa taka likilala, taka zinabaki mlangoni kwa watu.

Mwaka 1983 wakazi walimchagua meya mpya, Joseph Sensenbrenner. Alikuta hazina imebanwa, kwa kuwa misaada ya serikali kuu kwa miji ilikuwa ikipunguzwa, na malalamiko ya wananchi yalikuwa tele. Mwaka huohuo alikwenda kumsikiliza W. Edwards Deming, mzee wa takwimu ambaye Japani ilimfahamu kabla ya kwao kumfahamu. Deming alianza kuwafundisha wahandisi na wenye viwanda wa Japani mwaka 1950, na mwaka uliofuata Wajapani walianzisha tuzo yenye jina lake. Wamarekani wengi walimsikia kwa mara ya kwanza Juni 1980, katika kipindi cha televisheni cha NBC kilichouliza kwa nini Japani inaweza na wao washindwe. Waliofanya kazi katika hospitali za Tanzania wanaijua 5S-KAIZEN, mbinu ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi kidogo kidogo, iliyoanza kujaribiwa Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Japani. Nayo chimbuko lake ni viwanda vya Japani vilivyokua katika zama hizo za Deming.

Fundisho kuu la Deming liliwachoma wakubwa. Alisema kasoro nyingi zinatokana na mfumo wa kazi, wala mfanyakazi wa chini hana uwezo wa kuziondoa, hata akemewe kutwa nzima. Mwenye uwezo huo ni aliyeupanga mfumo.

Deming aliijenga hoja hiyo hasa kwa mifano ya viwanda. Je, ingefaa katika jiji, mahali penye madiwani, zabuni, chama cha wafanyakazi na mihuri? Sensenbrenner alipata bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin pale pale mjini. Mtakwimu wa chuo hicho, William Hunter, alikubali kusaidia. Wakachagua pa kuanzia: karakana ya First Street.

Meya na profesa walikwenda wenyewe kuonana na mafundi, jambo ambalo mafundi hao hawakulizoea. Kikaundwa kikosi cha kazi, na badala ya kuanza na semina kilianza na kuandika: gari limeingia lini, limeguswa lini, limesubiri nini, limetoka lini. Maandishi hayo yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya muda haikuwa ya kutengeneza bali ya kungoja. Na kilichongojwa mara nyingi kilikuwa vipuri.

Hapa ndipo hadithi inapopendeza, maana wachunguzi wengi wangeishia stoo na kumwandikia mtunza stoo barua ya onyo. Hawa waliendelea kuuliza. Mtunza vipuri akaeleza kwamba hawezi kuweka kila kitu, kwa sababu jiji lina magari ya kila namna. Walipohesabu, katika magari 765 walikuta namna 440 tofauti, kwa aina, matoleo na miaka. Kwa nini? Kwa sababu jiji lilinunua gari lolote lenye bei ya chini siku ya zabuni. Nani aliagiza hivyo? Mkuu wa vipuri akasema ni idara ya manunuzi. Manunuzi wakasema ni mhasibu mkuu. Mhasibu mkuu akasema ni mwanasheria wa jiji, hataruhusu vinginevyo. Mwanasheria alipoulizwa, akajibu kwamba inaruhusiwa kabisa kuzingatia dhamana, gharama za matengenezo na upatikanaji wa vipuri, na kwamba siku zote alidhani ndivyo wanavyofanya.

Hakukuwa na mwizi wala mzembe katika mnyororo huo. Kila ofisi ilitii amri ambayo iliamini imetoka ofisi ya juu yake. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa limenunua rahisi na kulipa ghali, na hakuna aliyeona hasara yote kwa pamoja, kwa kuwa bei ya gari iliandikwa kwenye faili moja na gharama ya tengenezo kwenye jingine. Utaratibu wa kununua magari, uliokuwa na hatua 24, ukapunguzwa ukawa wa hatua 3.

Mafundi walikuwa na la ziada. Walisema magari mengi huletwa yakiwa yamekwisha kufa, wakati sevisi ya mapema ingeyaokoa. Kikosi kikapiga hesabu: kila dola 1 iliyowekwa kwenye sevisi ya mapema ingeokoa dola 7.15 za matengenezo, na kwa mwaka jiji lingebakiza takriban dola 700,000. Baadhi ya mafundi walipanda magari ya doria pamoja na polisi, wakagundua kwamba magari hayo hutumia muda mwingi zaidi yakiwa yamesimama injini ikinguruma kuliko yakifukuza mtu. Yalikuwa yanarekebishwa kwa ajili ya mbio ambazo ni nadra.

Siku 9 za karakana zikashuka zikawa 3.

Hunter hakuishi kuona yote. Alifariki Desemba 1986, akiwa hajafikisha miaka 50. Kazi ilikuwa imeshavuka karakana na kuingia idara nyingine, ingawa haikupokelewa kwa shangwe kila mahali. Baadhi ya mameneja wa kati walisita, na inaeleweka: mtu aliyepanda cheo kwa kutoa amri anaambiwa sasa aulize maswali. Mwaka 1989 Sensenbrenner alishindwa uchaguzi na Paul Soglin.

Kati ya wakuu wa idara, aliyekwenda mbali kuliko wote katika njia hiyo alikuwa mkuu wa polisi, David Couper. Aliunda wilaya ya majaribio kusini mwa mji, ambako askari walimchagua wenyewe kapteni wao na kushiriki kupanga zamu na namna ya kufanya kazi. Watafiti Mary Ann Wycoff na Wesley Skogan waliifuatilia, na ripoti yao ya 1993 ilikuta kwamba askari wa wilaya hiyo waliridhika zaidi na kazi na uongozi wao. Mwaka huohuo Couper alistaafu, baada ya kuongoza polisi wa Madison tangu 1972.